Yule "shujaa" wa Mji wa Kale ni mimi, na ufa niliuona tangu Jumanne

Wakuu, salaam aleikum, na wale wengine habari za mchana.

Yule jamaa mwenye vumbi kichwani kwenye ile video, anayetoka mlangoni amembeba bibi kizee, ni mimi. Mmenimwagia sifa humu mpaka naona haya. Mmoja kaandika eti nipandishwe cheo, na mimi nilishastaafu zamani.

Naomba niseme ilivyokuwa, bila kutia chumvi na bila kujificha. Tangu siku ile sijatulia. Hata sasa naandika nimesimama, nikikaa macho yanakwenda darini.

Nilitumikia jeshi miaka ishirini na miwili, nikatoka sajini. Nimevuka mpaka, nimerushiwa risasi. Siku hizi nasimamia walinzi wa maduka mjini.

Mimi ni Mgiriama, Mkristo. Kwa miaka sita nimepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya Bi Zuwena, nyuma ya Ngome ya Yesu. Ni mjane, umri wa mama yangu, na watu wake wanakaa ghorofani. Kote nilikoulizia chumba waliniambia mwanamume asiye na mke hawampangishi. Yeye alinipa ufunguo siku hiyohiyo.

Mwezi uliopita alikuwa anamwoza mjukuu wake, Rahma. Maji ya mfereji hapa kisiwani mnayajua, yanakuja yakitaka. Basi akaita fundi, likapandishwa tangi kubwa jeusi juu ya paa. Na nyumba yenyewe ni ya mawe na chokaa, inashikwa na boriti za enzi za babu zake.

Jumanne narudi kutoka kazini nikaona ufa kwenye ukuta wa ngazi. Kidole kinaingia. Chini yake unga mbichi wa chokaa. Jeshini nilikaa na kikosi cha wahandisi miaka mitatu, kwa hiyo nilijua pale pale ni lile tangi.

Nikapiga hodi nimwambie. Akashuka na kikombe cha kahawa na kipande cha halua, uso unang'aa.

"Sajini, arusi hini hatuombi maji kwa jirani. Tangi lishajaa!"

Nikanywa kahawa. Nikasema hongera.

Ndiyo hivyo, wakuu. Mtu mzima, askari, nikaogopa kumharibia mama wa watu furaha yake. Nikajiambia nitasema arusi ikiisha. Jumatano nilipita pale kwenye ngazi nikatazama kando.

Alhamisi alasiri ilikuwa siku ya kumtia bibi arusi hina. Wanaume wameondoka kama desturi, ghorofani ni wanawake watupu, vichwa wazi, ngoma inalia. Mimi chini napiga pasi. Nikasikia boriti ikipasuka, kisha chokaa ikamwagika juu ya shati.

Nikazima pampu inayopandisha maji tangini, nikapanda ngazi mbio. "Tokeni nje! Wote! Sasa hivi!"

Hapo ndipo nilipokosea kiaskari. Miaka sita najua kwamba mwanamume anasimama chini ya ngazi, anapiga hodi, anangoja wajisitiri. Mimi nikawapandia kama navamia kambi. Mnadhani walitoka? Walipiga mayowe wakafunga mlango kwa komeo. Waliona mwanamume kapandwa na wazimu anataka kuwaingilia. Nikagonga, nikaamuru, hata tusi lilinitoka. Kila nikipaza sauti, nao wanazidi kuukaza mlango.

Kitu kizito kikaanguka chumba cha nyuma.

Nikashuka vidato vitatu, nikageukia ukuta, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi, Bi Zuwena. Ni mimi, mpangaji wako. Paa linakuja."

Nikasikia komeo likivutwa.

"Kaa hivyo hivyo, mwanangu, usigeuke," akajibu. Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, wala hana papara, "Jitandeni leso. Bibi arusi mbele, mbebeni, miguu ina hina mbichi. Moya moya. Atakayesukuma mwenziwe, mamake namjua."

Nikamuuliza wako wangapi.

"Ishirini na sita, na mimi ndani yake."

Nikafumba macho nikahesabu nyayo zinazopita nyuma yangu. Rahma nilimhesabu kwa kilio. Vumbi linanijaa puani, na nasema kweli, nilitamani kukimbia. Ilipofika ishirini na tano nikamwita Bi Zuwena. Akasema anakuja, alitaka awe wa mwisho kwa kuwa nyumba ni yake.

Boriti ikamwangukia mguuni palepale mlangoni. Hapo nikageuka, nikamchomoa, nikashuka naye, na huko nje ndiko mlikoniona. Hatujafika mwisho wa kichochoro, paa na tangi vikashuka pamoja.

Mguu umevunjika mahali pawili. Yuko kwa bintiye mtaa wa Tononoka, mimi kanihifadhi rafiki kule Buxton. Arusi ilifanyika nyumba ya jirani, wakaniletea sinia la biriani na dua tele. Nilishindwa kumeza. Ningefungua mdomo Jumanne, lile tangi lingemwagwa siku ileile na yeye angecheza kwenye arusi ya mjukuu wake.

Jana nikaenda kumwona. Alipoanza kunishukuru nikamkatiza.

"Bi Zuwena, ule ufa niliuona Jumanne. Siku ile ya kahawa nilikuja kukwambia."

Akaniuliza, "Uliniogopa mimi?"

"Nilikuogopa, mama."

"Mimi, kizee, na kikombe mkononi?"

Hakucheka. Alivuta leso akajifunika uso. "Nenda, mwanangu. Nikiweza kukusamehe, takwita."

Funzo langu ni hili. Kupanda ngazi nyumba inaanguka, miguu inajiendea yenyewe, hata mwoga anaweza. Kumwambia mtu unayemheshimu neno asilopenda, wakati kahawa bado ya moto na hakuna anayekufa, hilo jeshi halikunifundisha. Na uongozi nimeuona kwa Bi Zuwena, ambaye hajawahi kuvaa gwanda.

Mliowahi kunyamaza hivi, mliombaje radhi mpaka mkasikilizwa? Andikeni, nasoma zote. Wenye matusi pia karibuni, leo nayastahili.

Ila neno shujaa lifuteni. Mpaka saa hii hajaniita.