Mawe Tuliyoyaanika Juani

Sisi tuliokulia Kasenga, Uvira, miaka ya vita, tulilitumikisha jua kabla wataalamu hawajaja kutufundisha. Nguzo za umeme zilisimama bila kazi, na betri za redio, ambazo kwetu ziliitwa mawe, zilikuwa adimu kuliko nyama. Kila asubuhi, baada ya uji wa muhogo, tuliyapanga mawe yaliyochoka juu ya bati. Kufikia adhuhuri yalikuwa moto kama mayai yaliyotoka chunguni, nayo redio ilisema tena kwa robo saa. Robo saa hiyo ilitosha kusikia majina ya watu waliopotezana na jamaa zao.

Mama alikuwa akilingoja jina moja: la kaka yangu Safari, aliyevuka Ziwa Tanganyika siku risasi zilipolia mtaani kwetu. Tangu hapo hatukujua kama yu hai.

Siku moja mawingu yalifunika milima, nami, kwa kujiona mwerevu, nikayaweka mawe yetu manne kando ya makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa. Yalipasuka, yakatoa ujiuji mweusi. Mama hakunipiga. Alisema, "Jua haliharakishwi, mutoto wangu. Sasa enda uombe mawe kwa majirani, na useme weye mwenyewe kile ulifanya."

Nilipita nyumba nne, nikiungama kila mlangoni. Bi Zainabu, mke wa mwuza vitenge, alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akalitoa jiwe la mwisho katika tochi yake. "Shika, mupishi wa mawe. Hili usilitie chumvi."

Wenye mawe walikuja wote, wakaketi na mama kuizunguka redio. Jina la Safari lilisomwa la saba: yu hai, yuko Kigoma, anawatafuta wazazi wake. Mama aliuficha uso katika kitenge. Bi Zainabu alipiga kigelegele kirefu, wenzake wakamnyamazisha, maana nao walikuwa na majina yao ya kungoja.

Leo mabati ya Kasenga yamejaa plaki za jua, paneli za kutoa umeme, na mji unaokua unadai umeme zaidi kila mwaka. Vijana wetu, chaji ya simu ikibaki nusu, hulalamika kana kwamba wamezingirwa. Nimesoma, najua sasa kwamba jua halikuyajaza mawe yale. Liliamsha tu nguvu iliyosalia ndani. Hata hivyo najivunia mabati yale ya zamani, na plaki hizi pia. Ila kila nyumba sasa ina jua lake, na habari njema ikifika, mtu huipokea peke yake, kwa waya masikioni.