Nilimwambia Macho Yake Mabovu, Nikachukua Asteroidi Yake

Ndugu wasomaji, mimi ni mwizi. Sikuiba ng'ombe wala pikipiki. Niliiba kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu atakayekishika, na kwa wizi huo nikamharibia mtu maisha. Naficha jina langu kwa aibu, na kwa woga pia.

Ninafundisha fizikia mjini Gitega. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, nikarudi kwetu Gishubi nikiwa kijana, na siku zote nilitamani kufanya jambo moja tu la kukumbukwa. Basi nikajiunga na mpango wa mtandaoni wa kutafuta asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua. Unatumiwa picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Nyota hazihami. Kinachosogea ndicho unachokitafuta.

Miaka mitatu nilitazama. Sikupata kitu!

Halafu akaja Hadija, mwalimu wa hesabu kutoka Muyinga, binti wa fundi cherehani. Tuliwekwa kundi moja, mimi nikiwa kiongozi wa kutuma ripoti. Wiki ya tatu tu akanitumia picha aliyoizungushia duara jekundu, kisha akapiga simu.

"Mwalimu, ona hapo kona ya chini. Mi naona iko inatembea."

Jamani, niliiona palepale! Nukta hafifu, lakini ilisogea picha baada ya picha, kwa mstari ulionyooka. Wivu ukanishika.

"Huo ni uchafu wa kamera," nikamjibu. "Macho yako yana shida, Hadija. Nimeligundua hilo tangu wiki ya kwanza."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akaniomba radhi kwa kunipotezea muda. Aliniomba radhi mimi! Siku ileile nikatuma ripoti kwa jina langu peke yangu.

Ripoti ikakubaliwa. Jiwe likapewa herufi na namba za muda tu, kwa sababu lazima lionekane tena, mwaka hadi mwaka, mpaka njia yake ijulikane kwa hakika. Shuleni walinipigia makofi. Mimi nikaanza kumwomba Mungu lipotee! Likithibitishwa, nitaandikwa mgunduzi mbele ya dunia nzima, na Hadija atasikia.

Halikupotea. Kila lilipotarajiwa, lilikuwepo.

Huku nyuma, Hadija aliacha kutazama picha. Alipata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea mambo ya anga, akaikataa. Aliwaambia kwao macho yake hayafai kazi hiyo, na akaogopa hata kupimwa, asije akaambiwa anapofuka. Niliyasikia yote hayo kwa wenzetu wa kundi. Nikakaa kimya.

Mwaka huu ujumbe ukafika. Njia imethibitishwa: jiwe linazunguka kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, lina namba ya kudumu, na mgunduzi anakaribishwa kupendekeza jina. Redio ikatangaza. Wiki haikuisha, simu ikalia.

"Mwalimu, nilisikia redio, nikaenda kwa daktari. Anasema macho yangu iko mazima. Donc, basi, ile kitu niliona siku ile, ilikuwa nini?"

Nikakata simu.

Nilikwenda Muyinga. Baba yake alikuwa kwenye cherehani. Alinikaribisha kwa upole, akaniletea kiti, na upole ule ulinitisha kuliko matusi. Nikapiga magoti mbele ya Hadija.

"Nitaliita Hadija," nikasema. "Jina lako litadumu kule juu."

"Jina langu usiliguse," akajibu. "We ulichukua yote. Hiyo utaniachia."

Mzee hakuacha kushona. "Peleka jina unalotaka, mwalimu. Picha ya duara jekundu bado iko kwa simu yake, na tarehe yake. Siku utatangaza jina, na sisi tutasema."

Tangu hapo silali vizuri. Barua ya kukiri kwa wakuu wa mpango nimeiandika mara nne, sijaituma. Wanafunzi wananiuliza kila wiki, "Mwalimu, tutaliitaje?" Simu ya namba nisiyoijua ikilia, naizima. Hadija hanipigii. Anasubiri tu.

Ole wangu! Wewe unayesoma, mwenzako akiona kitu ambacho hukukiona, mwambie ameona. Mwambie siku hiyohiyo, hata kama roho inakuuma. Ukichelewa kama mimi, hutapata pa kuanzia.