Bamia na Maji ya Kuazima

Walisema sitamaliza msimu mmoja. Mtu aliyerudi kutoka Dar na viatu vya ngozi na diploma ya kilimo, walisema, ataona tope la Mabogini akumbuke kiyoyozi.

"Tena bamia!" alicheka mzee wa mpunga, jirani yangu. "Mchagga gani wewe unalima mlenda? Utakuteleza mkononi."

Nilijisomesha mwenyewe, hakuna aliyenichangia hata daftari. Baba mdogo, mwenye shamba, alinipa msimu mmoja: "Ukivuna, lima miaka yote. Ukishindwa, narudisha mpunga wangu."

Mistari yangu ilinyooka kuliko ya mtu yeyote bondeni. Wapita njia walisimama kutazama. Kisha mishipa ya majani ikaanza kuwa ya njano. Huku kwetu jani likibadilika rangi watu wanatazama mfereji, nami nimezaliwa huku. Zamu yangu ya maji haikutosha, nikaazima zamu za majirani, akiwemo yule mzee. Walinipa huku mpunga wao ukisubiri. Nikaongeza mbolea. Majani yakawa laini, na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya jani kufyonza utomvu, wakanenepa kama wamealikwa harusini.

Wengine wote walisema ni kiu. Mimi ndiye niliyetembea kingo za mfereji nikakuta magugu ya ukoo mmoja na bamia, yana mishipa ya njano ileile. Virusi. Nzi weupe walivichukua pale wakavileta kwangu, na mmea ukishaambukizwa hauna dawa.

Niling'oa bamia zote, nikachoma. Mzee alisimama kwenye tuta. Hakucheka.

"Pole, mwanangu. Maji yangu usiyawaze."

"Nitayarudisha, mzee."

Nikayarudisha. Kila zamu yangu ilipofika nilimfungulia mmoja wa walioniazima, nikasimama na jembe mpaka shamba lake lijae. Hakuna mtu bondeni anayenidai tone, na wanajua.

Siku nilipomalizia deni la mwisho, baba mdogo alikuwa amenitangulia mferejini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ukishamaliza kwa mzee, fungua na huku."

Nikafungua. Maji yakaingia kwenye shamba nililoazimwa, yakafunika majivu ya bamia. Miche ya mpunga ilikuwa tayari juu ya tuta, imefungwa mafungu.