Swali la Kumi na Nne

Wakiuru alikuwa amefeli. Nilijumlisha alama zake mara tatu, na kila mara nikapata thelathini na nane. Kufaulu kulianzia arobaini.

Mwaka huo wa 1997 nilikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Nyeri, ghorofani juu ya duka la mbegu. Wakiuru alikuwa mfagiaji wetu. Alitoka Giakanja kila alfajiri, akapangusa matope mekundu ngazini, kisha akavua viatu, kama sheria ilivyotaka, na kuingia chumba cha kompyuta. Alizifunua mashine sita, akaziwasha, akazisikiliza. Iliyokohoa aliifungua kwa bisibisi. Hakuna aliyemfundisha. Mimi mwenyewe, na diploma yangu, nilikuwa nikimwita kila mara printa ilipogoma. Wanafunzi waliingia na soksi zao wakakuta kila kitu kinawaka.

Kisha shule moja ya bweni huko Naro Moru ikatangaza kazi ya kutunza kompyuta zake. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa, na cheti kilikuwa lazima. Wakiuru akaomba kufanya mtihani wetu, ambao wote ulikuwa wa kuandika.

Swali la kumi na nne lilikuwa na alama nne: karatasi ikikwama ndani ya printa, utafanya nini? Kwa Kiingereza kilichochechemea alijaza ukurasa mzima: zima kwanza, ngoja ipoe, fungua nyuma, vuta karatasi kuelekea inakokwenda, usiirudishe ilikotoka. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja tu: mwite fundi aliyehitimu.

Nilikuwa nimempa sifuri. Mkono wangu uliiandika kabla akili haijaelewa.

Niliikata, nikampa zote nne, nikapeleka karatasi kwa mkuu wa chuo, Bwana Mutahi.

"Mwongozo unasema nini, mwalimu?"

"Lakini fundi tunayemwita ni yeye."

"Ati yeye? Huyo ni wa kufagia!" Akairudisha ile sifuri kwa kalamu nyekundu.

Nilimwonyesha Wakiuru mwongozo, nikiogopa machozi. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Fundi gani huyo, mwalimu? Anakaa wapi?" Akafungua aproni. "Basi mimi nimeenda Naro Moru."

"Bila cheti?"

"Niko na bisibisi."

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu wa shule ile alipiga simu. Nilikuwa ofisini kwa Mutahi, na sauti ya mama huyo ilinifikia hadi kitini. Wakiuru alifika langoni bila karatasi yoyote, akaomba ajaribiwe siku moja tu. Sasa mashine tisa zilizolala tangu mwaka uliopita zilikuwa zinafanya kazi, naye ameajiriwa. Je, alisomea chuo gani?

"Kwetu!" Mutahi alisema, kifua mbele. "Huyo ni mwanafunzi wetu kabisa, madam. Tuletee wengine hata kumi, tutawafundisha hivyo hivyo."

Alipoweka simu nikamuuliza kama sasa nimwandikie Wakiuru cheti chake.

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Cheti ya nini tena, mwalimu? Si amepata kazi?"