Maharage ya Maprofesa

Juma lililopita nilipanda chuo kikuu, kilimani Mutanga, kwenye idara inayofundisha mambo ya jinsia na makabila, kutafuta saini ya karatasi ya mpwa wangu. Ofisini hapakuwa na mtu. Niliwakuta wote uani: walimu wanne wa kiume, mkuu wao akiwemo, wamezunguka jiko la makaa, na karani wao, mama wa makamo, ameketi kwenye kiti cha mkuu wa idara, mkoba mapajani. Siku hiyo wanaume walikuwa wameapa kumpikia, kwa miaka yote aliyowahudumia chai na chakula.

Mwalimu mmoja, bingwa wa kufundisha mgawanyo wa kazi za nyumbani, alipepea moto kwa makaratasi ya somo lake. Moshi ukamrudia usoni.

Mkuu akasogea taratibu. "Mama, maharage inaivaka kwa saa ngapi?"

"Apana, shefu," mama akamjibu mkuu wake. "Mulisema leo mi ni mugeni. Mugeni haingiake mu jikoni."

Wakapakua walivyoweza, nami nikapewa sahani. Mama akatafuna kwa muda mrefu, wanaume wanne wakimtazama mdomo kama wanafunzi wanaongoja matokeo.

"Ni mbichi," akasema. "Lakini ni mara ya kwanza nakula hapa nikiwa nimekaa."

Mkuu akavua miwani, akafuta macho, akasingizia moshi.

Nami nikatafuna bila kulalamika. Nilikuwa najaribu kukumbuka siku moja tu ambayo mke wangu alimaliza sahani yake bila kuinuka, na sikuipata.