Sahani ya Pili

Kosa hili sijaliungama hata kwa padri. Nawaambia ninyi kwanza. Jumapili iliyopita sisi akina mama wa parokia tulikwenda kambi ya jeshi, Base ya Kamina, kuwapikia askari waliojeruhiwa vitani, pamoja na familia zao. Mimi nilipewa kazi ya kugawa bukari, ugali wetu, na samaki, na upawa ule ulinipanda kichwani.

Mwanamke mmoja mwembamba alipokea sahani yake, kisha akaomba nyingine.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Ya bwana yangu, mama. Iko ku nyumba."

Nikakumbuka kwamba safari iliyotangulia chakula kiliisha kabla ya wote kula. Basi nikapaza sauti ili watu wote wasikie: "Hapa kila muntu anakuya na miguu yake! Bwana yako akuye mwenyewe."

Wengine walicheka. Yeye aliweka sahani yake mezani bila kuionja, akaondoka. Nami nikaendelea kugawa, nikijisifu moyoni kwamba nimemkomesha mwongo.

Baadaye mstari mzima wa watu ukageuka kutazama nyuma. Nikainua macho. Alikuwa anarudi polepole, jasho likimtiririka, amembeba mumewe mgongoni. Suruali ya yule askari ilikuwa imefungwa mafundo mawili, pale ambapo magoti yangekuwa.

Mume akanisalimia kwa adabu.

"Utusamehe kuchelewa, mama," akasema. "Njo mimi bwana yake. Bibi yangu anasema ulitaka nikuye mwenyewe."