Keki Zote za Nevena

Radostin Kehayov ana kitambi, miwani iliyofungwa kwa utepe, na cheti cha JavaScript, lugha ya kuandikia programu, alichokitundika katika duka la keki la mkewe, juu ya kizima moto. "Ndipo mahali pake," anasema. "Vyote viwili ni vya dharura, na sijui kutumia hata kimoja."

Kiwanda cha pampu alikokuwa mchoraji wa mashine kilipofungwa hapa Plovdiv, Bulgaria, alijifunza kuandika programu. Hakuna aliyemwajiri. Mwishowe mkewe, Velichka, alimpa kazi moja: ukurasa wa mtandaoni wa kupokea oda za keki za siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambayo wenye jina lake husherehekewa. Akifaulu, abaki mtu wa kompyuta. Akiharibu, akande unga.

Aliandika klasi, akaiita Keki. Klasi ni kama mchoro wa mashine: unachorwa mara moja, kisha kila oda inaundiwa keki yake kutokana nao, yenye ladha yake, ukubwa wake na jina lake. Ila yeye jina aliliweka kwenye klasi yenyewe, yaani kwenye mchoro. Keki zote zikawa zinatumia jina moja, na kila oda mpya ilifuta lililotangulia.

Aliijaribu Januari, sikukuu ya Mtakatifu Ivan. "Karatasi za majina ya kuandika kwenye keki zikatoka: Ivan, Ivan, Ivan. Nikajipigia makofi. Siku ile mji mzima unaagiza keki ya nani mwingine?"

Ikaja Jumapili ya Matawi, siku ya kila mwenye jina la ua au mti. Oda ya mwisho, Jumamosi, ilikuwa ya Nevena, daktari wa meno. Ndipo karatasi zote zikachapishwa, na Donka, mdogo wake Velichka, akapamba keki na kuzifunga kwenye maboksi.

Asubuhi mzee Yavor, dereva mstaafu wa treni, alifungua boksi lake pale kaunta.

"Velichka mwanangu, mimi nimekuwa Nevena tangu lini?"

Velichka akafungua la Lilia. Nevena. La Kalina. Nevena.

"Donka! Hukuona?"

"Karatasi imesema Nevena, nimeandika Nevena. Shemeji ndiye msomi wa kompyuta, mimi nani nibishe?"

"Na wageni wangu wako njiani," alisema mzee Yavor. "Wataniimbia 'Nevena' mpaka nizikwe."

Foleni ikaangua kicheko, matawi ya mierebi mikononi. Velichka hakucheka.

"Radostin. Aproni ile pale."

Akaivaa. Mbele ya wote alikwangua majina kwa kisu na kuyaandika upya kwa krimu, kwa herufi nyoofu za michoro ya kiwandani.

"Fundi, keki yangu inafanana na pampu," alisema mzee Yavor.

"Angalau ni pampu yenye jina lako, mzee."

Nevena alifika mwisho. "Yangu nayo imeharibika?"

"Hapana, daktari. Yako ndiyo pekee niliyoipatia."

Jioni alihamishia jina ndani ya kila keki. Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja tu, jambo ambalo hakumwambia mkewe. Velichka aliuacha ukurasa uendelee, lakini mumewe aliporudisha aproni, hakuipokea. Sasa Radostin anakanda unga asubuhi, na siku za majina anaandika majina kwenye keki mwenyewe, mbele ya foleni.

Cheti kipo palepale. Donka alichukua karatasi moja iliyobaki, akaibandika juu ya jina la mwenye cheti. Inasomeka Nevena. Radostin hajaibandua.